Wanafunzi wa uhandisi wapime kasi ya mmenyuko kwa mikono yao kabla hatujawapa kanuni (uzi kutoka Kigoma)

Mchikichi

Mwakeye wakuu.

Niko Gungu, hapa Kigoma mjini, na wanafunzi 6 wa mwaka wa tatu, uhandisi wa kemikali, waliokuja mafunzo kwa vitendo. Chuoni nafundisha kasi ya mimenyuko na usanifu wa riakta (chombo mmenyuko unamofanyika), huu ni mwaka wa 9. Jumanne nimeona jambo ambalo sitaki kubaki nalo peke yangu, na humu najua mna walimu wenzangu.

Tulikuwa uani kwa mama mmoja anayepika sabuni ya mawese. Pipa liko mafigani tangu alfajiri, mawese yameyeyuka, mekundu. Mama anamimina maji ya kostiki (soda kali) kidogo kidogo, kijana wake anakoroga kwa mti mrefu. Mwanafunzi wangu mmoja, hodari sana wa hesabu, alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na daftari magotini. Alichukua k, namba ya kasi ya mmenyuko, kwenye jedwali la kitabu, akaweka ukolezi (kiasi cha kitu kwa kila lita), akapiga integrali yake safi kabisa, akaniambia: "Mwalimu, ndani ya dakika chache robo tatu ya kostiki itakuwa imeshaliwa."

Ikapita robo saa, ikapita nusu saa. Mafuta juu, maji chini. Kijana akipumzisha mti kidogo tu, vinaachana mbele ya macho yetu. Mama akaingia ndani, akatoka na kipande cha sabuni ya juzi, akakikwangulia pipani kwa kisu. Haukupita muda mrefu uji ukaanza kushikana. Wekundu ukapauka ukaelekea unjano, na mti ukawa mzito hadi kijana akabadilisha mikono. Mwanafunzi akauliza, "Mama, hiyo sabuni uliyoweka ni ya nini?" Akajibu, "Bila ya juzi, mwanangu, ya leo inachelewa."

Maelezo yake si magumu. Mawese na maji ya kostiki havichangamani, kwa hiyo mmenyuko unafanyika pale tu vinapogusana. Mwanzoni eneo hilo ni dogo na kazi inakwenda polepole. Sabuni ikishaanza kupatikana, yenyewe inayavunja mafuta kuwa vitone vidogo, eneo la kugusana linakua, sabuni inatoka kwa wingi zaidi, vitone vinazidi kuwa vidogo. Mwishoni mafuta yamekaribia kwisha na uji umekuwa mzito, kasi inashuka tena. Ukichora kiasi cha sabuni kwa muda unapata mstari uliojipinda kama herufi S. Ile k ya kijana ni ya vitu vilivyoyeyuka pamoja kwenye bika. Kwenye pipa lile aliyekuwa anaamua mwendo ni mkorogaji.

Kilichoniuma ni kwamba kijana huyu alipata A kwangu. Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo. Wiki 3 za mwanzo najaza ubao oda, yaani kasi inavyofuata ukolezi: oda sifuri, oda ya kwanza, oda ya pili, integrali ya kila moja, halafu maswali yenye data zilizokwisha kusafishwa. Hajawahi kukutana na namba iliyotoka mkononi mwake, kwa hiyo hana namna ya kujua kanuni yake inafika wapi na inaishia wapi.

Hoja yangu ni hii: tuanze na saa na bureti, ule mrija wa kudondoshea na kupimia kimiminika. Mwanafunzi apime kitu kinavyopungua, achore, atafute mwenyewe mstari unaonyooka, ndipo mwalimu aje na kanuni. Elimu hii ilizaliwa kwa njia hiyo. Ludwig Wilhelmy, Mjerumani, mwaka 1850 alikuwa anapima sukari ikivunjwa na asidi. Alitumia polarimita, akitazama mwanga unavyogeuka, wala hakuhitaji kugusa kimiminika. Akaona kasi inafuata kiasi cha sukari kilichobaki. Mwanakemia Msweden, Arrhenius, alipoandika juu ya joto na kasi mwaka 1889, alikuwa anashughulika na uvunjaji huo huo wa sukari. Ni miaka 39 kati yao, na watu walikuwa wanapima.

Karibuni tujadili.

FundiBoila

Mkuu nakuheshimu, ila tuseme ukweli. Darasa lina watu 140. Maabara ina bureti 12 na 4 zinavuja. Mtihani unauliza "tafuta muda wa kufikia asilimia 90". Ukianza na saa na bureti, kwenye riakta utafika lini? Mimi niko kiwandani mwaka wa 11, sijashika bureti tangu nihitimu. Hizo kanuni ndizo zinazonilisha.

Mchikichi

FundiBoila, darasa langu lina 120, hilo nakuelewa vizuri. Sidai kila mtu apate bureti yake. Nadai asubuhi moja, vikundi vya watu 10, na kila kundi litoke na namba 8 zake. Siku hiyo nairudisha baadaye, maana sirudii tena mara 3 kueleza kwa nini tunachora 1/C (C ni ukolezi).

Na k unayoitumia kiwandani, ndugu yangu, kuna mtu alisimama na saa akakupimia. Siku malighafi ikibadilika itabidi mtu asimame tena. Nataka mtu huyo aweze kuwa mwanafunzi wetu.

KemiaKwanza

Mwalimu, mfano wa sabuni ni mzuri lakini unachanganya mambo mawili. Kasi ya kemia yenyewe ni kitu kimoja, na kasi ya vitu kufikiana ni kingine. Ukimwanzishia mwanafunzi kwenye pipa, hatajua anapima nini. Anza na mmenyuko msafi, kimiminika kimoja, halijoto moja. Pipa lije baadaye.

Mchikichi

KemiaKwanza, hapo umesema kweli na ndivyo tulivyofanya Jumatano. Nilikuja na chupa ya ethili asetati. Ni ndugu wa mawese kwa kemia: ni esta, na kostiki inaikata vilevile. Tofauti ni kwamba ikiwa kidogo inayeyuka majini yote, hakuna tabaka mbili.

Tulichanganya nusu kwa nusu, ikabaki moli 0.01 kwa lita ya kila upande. Bika likakaa kwenye beseni la maji, tukashikilia nyuzi 25 kwa kuongeza maji ya mtungi kila joto lilipotaka kupanda. Sikuwaambia oda. Nilisema tu: niambieni kostiki iliyobaki kila baada ya muda, mpaka mchoke.

Dakika ya 15 hivi, nusu ilikuwa imekwenda. Nikawauliza, nusu ya hiyo iliyobaki itakwenda lini? Wote 6 wakajibu dakika ya 30. Hapo ndipo raha ya somo hili ilipo. Dakika ya 30 ikafika, wakapima, bado sana. Robo ilibaki dakika ya 45. Nusu ya kwanza ilichukua 15, ya pili imechukua 30. Binti mmoja akasema polepole, "Kumbe wanapopungua wote wawili, kukutana kunakuwa kugumu mara mbili." Hiyo ndiyo oda ya pili, na aliifikia kabla sijaandika chochote ubaoni. Ingekuwa oda ya kwanza, kila nusu ingechukua muda uleule.

Kisha wakachora grafu 3: C kwa muda, logi asilia ya C kwa muda, na 1/C kwa muda. Ya tatu ikanyooka. Mteremko wake ulikuja karibu 0.11, lita kwa moli kwa sekunde, na vitabu vinatoa namba hiyo hiyo kwa nyuzi 25.

Walimu wenzangu, kuna mtego mmoja hapa. Ukiwaruhusu waache kupima dakika ya 10, grafu zote 3 zinaonekana zimenyooka. Rula inazikubali zote, na kila mtu anatoka na oda anayoipenda. Lazima wapite nusu, wafike angalau robo iliyobaki. Nimeona ripoti nyingi za wanafunzi, na hata za watu wazima, zilizotangaza oda ya kwanza kwa data iliyokatwa mapema.

DogoWaVitendo

Mimi ni mmoja wa hao 6, mwalimu ameniruhusu niandike.

Naomba nieleze tulivyoharibu raundi ya kwanza, maana ndiyo iliyonifundisha zaidi. Tulikuwa tunachota sampuli, tunaiweka kwenye chupa tupu, tunaanza kuidondoshea asidi taratibu kutoka kwenye bureti mpaka rangi ya waridi ipotee. Mimi nilikuwa natumia kama dakika 3, mwenzangu ana mkono mwepesi, dakika 1. Namba zetu hazikukubaliana hata mara moja. Tukalaumu bureti, tukalaumu pipeti.

Mwalimu akauliza swali moja tu: "Huko kwenye chupa, nani amewaambia waache kufanya kazi?"

Nilinyamaza kabisa. Sampuli ilikuwa inaendelea kumenyuka wakati mimi napima. Nilipopiga hesabu, dakika zangu 3 za mwanzo zilikuwa zinakula karibu sehemu moja ya sita ya kostiki niliyodai kuipima. Raundi ya pili tulitanguliza asidi kwenye chupa, iliyozidi na tunayoijua kiasi chake, sampuli ikiingia inasimama palepale. Baada ya hapo unarudi kwa utulivu kupima asidi iliyobaki, hata ukitumia dakika 10 hakuna kinachobadilika.

Nimesoma neno "kuzima mmenyuko" mwaka wa pili na nikalijibu kwenye mtihani. Jumatano ndiyo mara ya kwanza nimelielewa.

Mlowezi_Tbr

Nawasoma kutoka Tabora. Swali la mtu aliyeishia Kidato cha Sita: tulifundishwa kwamba oda inatokana na namba zilizo mbele ya kila kitu kwenye mlinganyo. Siyo hivyo? Na ile ya "joto likipanda nyuzi 10 kasi inakuwa mara mbili", ni ya kweli?

KemiaKwanza

La kwanza nijibu mimi. Hapana. Tazama hidrojeni na iodini, kisha hidrojeni na bromini. Kwenye karatasi ni mapacha: moja na moja, unapata mbili. Max Bodenstein alizipima zote. Ya iodini ikatoka oda ya pili, nyoofu. Ya bromini ikatoka na kipeuo cha pili cha bromini ndani yake, na zaidi ya hapo bidhaa yenyewe ikawa inapunguza kasi. Mlinganyo unakuambia nini kimeingia na nini kimetoka. Njia waliyopitia inajulikana kwa kupima tu.

Mchikichi

Asante KemiaKwanza. La pili: ni kweli kwa baadhi ya mimenyuko, karibu na joto la kawaida. Kutoka nyuzi 25 hadi 35, kasi inaongezeka mara mbili kama nishati ya kuamsha mmenyuko ni karibu kilojuli 53 kwa moli. Ethili asetati yetu iko karibu 48, kwa hiyo inaongezeka mara 1.9. Sasa chukua mmenyuko uleule wa 53, uupandishe kutoka nyuzi 90 hadi 100: unapata mara 1.6 tu. Na wenye nishati kubwa zaidi unaweza kuruka mara 3 au 4 kwa nyuzi hizo hizo 10. Nawaambia wanafunzi waibebe kama makadirio ya mfukoni, wakifika kwenye usanifu waiweke chini.

Mwandiga_Mawese

Mimi si msomi wa haya, familia yetu inakamua mawese. Mafuta yetu mara nyingine yanakataliwa, wanasema asidi imezidi. Wazee wana desturi ya kuacha mikungu siku kadhaa ili chikichi zidondoke zenyewe bila kazi kubwa. Je, hii nayo ni kasi ya mmenyuko?

Mchikichi

Ndugu yangu, hii ndiyo hasa, na ni mfano ninaotaka uingie darasani kabla ya mfano wowote wa Ulaya.

Ndani ya nyama ya chikichi kuna kimeng'enya kinachokata mafuta na kuacha asidi huru. Tunda likiwa zima mtini kimetengwa na mafuta. Likigongwa, likichubuka, likianza kuoza, vinakutana na kazi inaanza saa hiyo hiyo. Kila siku ambayo mikungu inakaa kwenye lundo asidi inapanda, na lundo lenyewe linapata joto. Mafuta ya biashara kubwa hutakiwa asidi isizidi asilimia 5.

Lakini kimeng'enya hiki hakifuati mpaka mwisho mstari wa Arrhenius, ule wa joto likipanda kasi inapanda. Ukiongeza joto kidogo kinachapa kazi zaidi. Ukiongeza sana kinakufa. Ndiyo maana viwanda vinapitisha mikungu kwenye mvuke kabla ya kukamua. Kwenu, kuchemsha chikichi mapema, siku ile ile au kesho yake, kunasimamisha kazi hiyo kama asidi ilivyosimamisha sampuli ya Dogo. Kuchemsha siku ya 6 kunalainisha tunda vizuri, ila asidi iliyokwisha kupatikana hairudi.

Unaweza kupima nyumbani kwa mwenye bureti: gramu 5 za mafuta kwenye spiriti ya vuguvugu, matone ya fenoftalini (inayogeuka waridi kostiki ikizidi), kisha kostiki ya moli 0.1 mpaka iwe waridi na ibaki hivyo. Kila mililita 1 ni karibu nusu asilimia ya asidi. Jumatatu tunakuja Mwandiga na vifaa, ukituruhusu. Tutachukua mikungu ya mti mmoja, tuigawe, na wanafunzi wapime siku 0, 2, 4 na 6.

Mwandiga_Mawese

Karibuni sana. Mikungu ipo. Mama atafurahi, yeye ndiye mwenye kubishana na wazee kuhusu kungoja.

FundiBoila

Nimesoma yote tangu jana na nimerudi.

Kuna kiwanda nilifanya kazi zamani, sitakitaja. Tulikuwa na tangi la kuchanganyia, mmenyuko wake unatoa joto. Siku moja bomba la maji ya kupozea likaziba. Kipimajoto kikaanza kupanda, kwanza nyuzi 1, halafu 2, halafu haikungoja dakika. Zamu nzima tulisimama tunakitazama kana kwamba kitatuambia la kufanya. Msimamizi mmoja mzee alikimbia kufunga malighafi, ndiyo ikapona. Kanuni nilikuwa nazo zote kichwani siku ile. Sikujua kwamba kile ninachokitazama ndicho k inapanda.

Mchikichi

FundiBoila, asante kwa kusema hili. Ndiyo sababu nimeng'ang'ana na uzi huu.

Tarehe 19 Desemba 2007, kiwanda cha T2 Laboratories, Jacksonville, Florida, kililipuka. Watu 4 walikufa. Ilikuwa bechi yao ya 175 ya bidhaa hiyo hiyo. Upozaji ulishindwa, joto likapanda, na kwenye joto hilo la juu mmenyuko mwingine ambao hawakuuhesabia ukaamka, nao ukatoa joto zaidi. Wamiliki hawakuwa wababaishaji: mmoja alisomea kemia, mwingine uhandisi wa kemikali. Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali ilipomaliza kazi yake haikuishia kiwandani. Ilipendekeza hatari za mimenyuko ziingizwe kwenye mitaala ya uhandisi wa kemikali vyuoni. Ripoti ya mlipuko ikafika mpaka kwetu sisi wenye chaki.

Hesabu yake mwanafunzi anaweza kuifanya kwa chokaa sakafuni. Ongeza kila kipimo cha tangi mara 2: ujazo unakua mara 8, ukuta wa kupozea mara 4 tu. Joto linazalishwa kwa ujazo na linaondoka kwa ukuta. Kilichopoa chenyewe kwenye bika kinaweza kukataa kupoa kwenye pipa. Na joto likipanda kasi inapanda, kasi ikipanda joto linapanda. Mwanafunzi aliyewahi kuongeza maji ya mtungi kwenye beseni, akaona mkono wake wenyewe ndio unaoshikilia nyuzi 25, namwamini zaidi siku bomba likiziba.

MwalimuMbeya

Mwalimu, nimeshawishika, nataka kufanya wiki ijayo. Nipe vipimo kamili tafadhali, na usiache yale madogo yanayoharibu kazi.

Mchikichi

Chukua maji uliyoyachemsha na kuyapoza yakiwa yamefunikwa. Maji yaliyokaa wazi yana hewa ya ukaa, na hiyo inakula kostiki yako kabla hujaanza.

Lita 1 ya kostiki: gramu 0.80. Kostiki iingie kwenye maji, usimimine maji juu ya kostiki, na miwani ya macho ivaliwe hata kama ni kidogo hivyo. Ya dukani si safi, kwa hiyo ipime kwa asidi unayoiamini ujue iko moli ngapi kweli. Lita 1 ya ethili asetati: mililita 2, pipeti ikiwa safi, chupa ifungwe haraka kwa sababu inaruka hewani. Asidi ya haidrokloriki ya moli 0.02, andaa lita 1.

Panga chupa 8, kila moja mililita 20 za asidi, ziandikwe namba kabla ya saa kuanza. Weka vimiminika viwili kwenye beseni moja mpaka vifikie joto moja, kisha changanya mililita 250 na 250. Saa ianze wakati nusu ya kimoja imeshaingia. Chota mililita 25 dakika ya 2, 5, 10, 15, 20, 30, 45 na 60. Muda unaoandikwa ni ule ambao pipeti imefika nusu kwenye asidi.

Pima asidi iliyobaki kwa kostiki ya moli 0.02. Dakika ya 15 utegemee mililita 13.7 hivi, dakika ya 45 utegemee 16.9. Namba hizi baki nazo mfukoni. Wakiziona mapema wataandika hizo.

Ukiona dakika ya 45 wameanza kukusanya vifaa, waambie bado moja.